Kiwango Kipya cha Mto Ngerere

Nchi ya Staweka haimo katika ramani yoyote, na wakubwa wake hawasikitiki, kwa sababu ramani ina tabia ya kuonyesha mito, na mito ya Staweka ina tabia ya kuonyesha mambo mengine. Ni nchi tulivu. Ina Wizara ya Mazingira Yanayopendeza. Ina Sheria ya Heshima ya Mito, isemayo kwamba anayeunasibisha mto wa taifa na uchafu ni sawa na aliyemtukana mzazi. Tena ina kiwanda kikubwa cha ngozi kiitwacho Ngozi Bora Daima, ambacho hakuna mwaka uliopita bila kutunukiwa kitu kwa jinsi kinavyoyapenda mazingira.

Katika kiwanda hicho alifanya kazi mwanamke aitwaye Mwanatumu, mkemia wa maabara ya maji. Kila Jumatatu aliteremka hadi pale ambapo bomba la kiwanda linatapika ndani ya Mto Ngerere, akachota maji kwenye chupa, akayapima, akaandika kipimo. Kuchota hakukuwa na shida, wala kupima. Shida ilikuwa kuandika. Aliyeishika kazi hiyo kabla yake, Bwana Mdoe, aliwahi kuandika kipimo vilevile kilivyosoma, na juma lililofuata akapandishwa cheo. Alipelekwa kisiwa cha mbali kuwa msimamizi wa kituo cha kuhesabu mawingu, na tangu hapo hakuna aliyepata hata salamu zake. Mkewe alipokuja getini kuuliza, alijibiwa kwa adabu kwamba huko mawingu ni mengi na mumewe hajamaliza.

Mwanatumu alikuwa mwepesi wa kujifunza. Mwaka mzima alijaza daftari lake sentensi moja: "Maji yako katika hali ya maji." Hakuna aliyemsumbua. Alisalimiwa vizuri, na mwisho wa mwaka alipewa kofia ya kijani.

Jumapili moja alikwenda kumtazama shangazi yake, Bi Chausiku, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Chausiku aliishi Mafulioni, mtaa ulio nusu saa kwa miguu chini ya kiwanda, ambako wanawake hufua nguo za watu mtoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Maji hayohayo huyapikia na kuyanywa, maana mengine hawana. Siku hiyo Mwanatumu alimkuta shangazi yake anakula ugali kwa kijiko. Alishangaa. Maisha yake yote Bi Chausiku alisema kijiko ni cha wagonjwa na wageni. Alipomshika mkono aone kuna nini, aliona ngozi ya vidole imepasuka kama tope lililokauka, na katika mipasuko vidonda vyekundu visivyofunga.

"Wote tuko hivi," Bi Chausiku alisema. "Watoto macho yanawatoka machozi na hawalii. Wewe si ndiye unayepima? Mto una nini?"

Mwanatumu alisema ataangalia.

Jumatatu akapima kwa kweli. Dawa ya kulainishia ngozi, ile waiitayo kromu, kisheria haikutakiwa kuzidi mbili katika kipimo cha mashine yake. Mashine ilisoma mia moja na kumi. Akapima tena akiomba mashine iwe mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Akapima mara ya tatu akiomba yeye ndiye awe mbovu. Mia moja na kumi.

Alikiandika kipimo kwenye kikaratasi, akakaa nacho mfukoni tangu saa mbili hadi saa sita, akigeuka kila mlango ulipofunguliwa. Hatimaye alikipeleka kwa bosi wake, Bwana Gervas Mtandika, Mkurugenzi wa Uwajibikaji kwa Jamii na Viumbe Wengine. Ofisi ya Bwana Mtandika ilipambwa kwa picha kumi na moja za wageni mashuhuri wakipanda mti. Aliyetazama kwa makini angegundua kwamba mti ni mmoja. Ulikuwa mche wa mwarobaini, kila mgeni alipokuja uling'olewa, ukaoshwa mizizi, ukapandwa upya kwa makofi. Kwa hesabu ya kiwanda huo ulikuwa msitu. Mezani kulikuwa na taarifa ya mwaka iitwayo *Tunza Karatasi, Tunza Dunia*, nene kama tofali, iliyochapwa nakala elfu nne.

Bwana Mtandika alikisoma kikaratasi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mwanatumu. Aliinuka taratibu, akafunga dirisha.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu, mzee."

"Vizuri. Basi bado si ukweli. Ukweli unatoka kwenye kikao."

Kikao kikaitishwa mchana uleule. Kilikuwa cha Kamati ya Kuthibitisha Matokeo, watu saba, na hakuna kati yao aliyepata kushika chupa ya maabara isipokuwa kwa bahati mbaya. Mwenyekiti alisema mia moja na kumi ni kipimo cha hasira, kinachoonyesha kwamba mpimaji alikuwa na mawazo ya nyumbani. Mjumbe mmoja akapendekeza kamati ikubali arobaini. Mwingine akasema arobaini ni nyingi, wamalizane kwenye kumi na tano. Walivutana hivyo kwa muda, kama watu wanaonunua mbuzi mnadani, na Mwanatumu amesimama mlangoni mikono nyuma. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akafumbua macho, akauliza kwa nini wanahangaika kuushusha mto badala ya kuipandisha sheria.

Wajumbe wakamgeukia kwa heshima. Simu ikapigwa wizarani. Kabla chai haijapoa, kiwango halali cha kromu katika mito ya Staweka kilikuwa kimetoka mbili kikafika mia moja na hamsini, na Mto Ngerere, ambao asubuhi ulikuwa sumu, jioni ulikuwa msafi kupita kiasi. Mjumbe mmoja alisikitika kwamba kiwanda kilikuwa bado hakijatumia nafasi yake yote.

Ikabaki sahihi ya mkemia. Bwana Mtandika alimsogezea Mwanatumu cheti na kalamu, akamwambia kwa sauti ya baba kwamba amesikia kule kisiwani wana uhaba wa wahesabu mawingu.

Mwanatumu alitia sahihi. Aliutazama mkono wake ukiandika jina lake kama mtu anayetazama mkono wa jirani.

Baada ya hapo hakukanyaga Mafulioni. Shangazi alituma salamu mara mbili, naye akajibu kwamba kazi zimemzidi. Alikuwa akishtuka ovyo. Gari likisimama mbele ya nyumba yake, aliacha kutafuna mpaka liondoke. Alinunua maji ya chupa, akayaficha chini ya kitanda, kwa sababu sheria haikusema wazi kama kununua maji ni kuutukana mto au la.

Wiki mbili baadaye ikafika siku ya kiwanda kupewa Nishani ya Mto Safi. Hema lilisimamishwa ukingoni. Nyasi zilizokauka zilipuliziwa rangi ya kijani alfajiri, na wageni waliokaa mapema waliinuka na suruali za kijani. Lori lilileta samaki hai kutoka bwawa la mbali wakamwagwa mtoni, ili mgeni rasmi aone uhai. Wakati Waziri anafika ukurasa wa tatu wa hotuba yake, samaki walikuwa wanaibuka mmoja mmoja, matumbo juu. Mshereheshaji alinong'oneza katika kipaza sauti kwamba samaki wa Ngerere wamelala chali kwa heshima ya mgeni.

Waziri alikuwa mtu mnene wa sauti tamu. "Wapo wanaosema viwanda vinaua mito," alisema. "Mimi ninawauliza swali dogo: mto umewahi kulalamika kwa maandishi?" Watu wakapiga makofi. Alieleza kwamba zamani nchi ilikuwa na mto tu, lakini sasa ina mto wenye mbia.

Mwanatumu aliketi safu ya pili na kofia yake ya kijani, akiomba shughuli iishe. Mstari wa mbele walikuwa wameketishwa wanawake wa Mafulioni, wawakilishi wa jamii inayonufaika. Wote walikuwa wamevishwa kanga mpya, na glovu nyeupe zilizofika viwikoni. Mshereheshaji alisema glovu ni ishara ya usafi. Mwanatumu alimtambua shangazi yake kwa mabega. Bi Chausiku alikuwa ameiweka mikono mapajani viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kisicho chake, na watu walipopiga makofi yeye hakupiga. Haikuwa jeuri. Alijaribu mara moja, akakunja uso, akaacha.

Hapo mshereheshaji akatangaza jambo ambalo halikuwa katika ratiba ya Mwanatumu. Kwa amri ya Waziri, kuanzia siku hiyo kungekuwa na Unywaji wa Uhakika. Maji yatachotwa mtoni mbele ya umma, na mkemia aliyetia sahihi atakuwa wa kwanza kunywa, kisha Waziri atafuata. Bilauri mbili zililetwa kwenye sinia. Mwanatumu aliona vizuri kwamba moja ilijazwa kwa kindoo kilichochota mtoni, na nyingine, yenye utepe, ilijazwa kwa birika lililokuwa chini ya meza.

Akaitwa. Alikwenda. Alipewa bilauri, na harufu ikampanda puani, harufu ya ngozi mbichi na kitu kingine kikali kama kutu. Maji yalikuwa na rangi ya kijani hafifu, rangi ileile ya kofia yake. Bwana Mtandika alikuwa anamtabasamia, meno yote nje, na macho hayamo katika tabasamu. Mwanatumu aliwaza: nikinywa kidogo tu. Funda moja. Watu wa chini wanakunywa kila siku na bado wanatembea. Akaiinua bilauri mpaka ikamgusa mdomo. Kisha akaona zile glovu nyeupe.

"Sinywi," alisema.

Alidhani amesema ndani ya moyo wake, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. Neno lilikwenda mpaka ng'ambo ya mto.

Mshereheshaji alicheka haraka. "Mkemia wetu hana kiu, mheshimiwa."

"Kiu ninayo," alisema Mwanatumu. "Haya maji ndiyo sinywi."

Waziri, ambaye alikuwa ameshaipeleka ile bilauri yenye utepe mdomoni, aliishusha akaitazama, akamtazama aliyeileta, na kwa nukta moja uso wake ulikuwa uso wa mtu wa kawaida kabisa aliyeshikwa na hofu. Akaiweka chini bila kuonja. Bendi ikaamriwa kupiga.

Mwanatumu alikamatwa kabla wimbo haujaisha. Shtaka liliandikwa kuwa ni kuukataa mto hadharani. Ile bilauri ya maji ilichukuliwa kama kielelezo namba moja, ikapelekwa kituoni ndani ya gari tofauti.

Mkuu wa kituo alikuwa Inspekta Sekiete, mtu mrefu, mkavu, ambaye ilisemwa kwamba amewahi kumfanya mtuhumiwa akiri kosa la mtu mwingine. Siku ya kwanza hakumwuliza Mwanatumu lolote. Alimwacha mahabusu, na Mwanatumu alikaa akihesabu matofali ya ukutani, kila aliposikia funguo akijua kwamba sasa zamu yake imefika. Alijiona akihesabu mawingu. Alijiuliza kama Bwana Mdoe kweli yuko kisiwani, au kama kisiwa chenyewe kipo, na baada ya kujiuliza hilo hakuweza tena kumeza chakula.

Siku ya pili Sekiete alimwita ofisini. Bilauri ilikuwa juu ya meza, imesukumwa mpaka pembeni kabisa. Askari wa maelezo alikuwa amekaa mbali nayo kiasi kwamba ilibidi aandikie pajani. Sekiete akamwamuru atoke, akafunga mlango kwa komeo. Mwanatumu akashika kiti kwa mikono miwili.

Inspekta akafungua droo. Alitoa chupa ya soda iliyojaa maji, akaiweka taratibu mbele yake.

"Haya ni ya bomba la kota za polisi," alisema. Alikuwa anaongea chini kuliko mshtakiwa. "Nasikia wanavuta kutoka Ngerere. Binti yangu ana miaka minne. Mikono yake haifungi ngumi."

Mwanatumu alimtazama kwa muda kabla hajaelewa kwamba ameulizwa swali. Kisha akamwambia: asimpikie, asimwogeshe, asimnyweshe. Sekiete aliitikia kwa kichwa kama anayepokea amri. Katika karatasi ya maelezo akaandika kwamba mtuhumiwa ameendelea kukaidi.

Habari ilienda kimyakimya, kama habari zote za kweli zinavyokwenda Staweka. Alasiri hiyo karani wa mahakama alikuja na chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa. Mke wa mkuu wa wilaya alikuja amejifunika uso, na thamosi. Kila mmoja aliingia akiangalia nyuma, kila mmoja alisema anauliza kwa niaba ya rafiki. Mwanatumu aliwajibu wote, na aliwaogopa wote, kwa kuwa hakuna anayekuchukia kama mtu mkubwa aliyekuonyesha woga wake.

Siku ya tatu akaja Bwana Mtandika. Alikuwa amebeba sanduku la vifaa vya maabara yeye mwenyewe, na makwapa yamelowa. Akaeleza kwa kirefu kwamba wakurugenzi hawanywi maji ya mto, wana kisima kirefu kilichochimbwa nyuma ya ofisi. Maji yake yanaletwa hadi bomba la getini, ambapo dereva huoshea magari ya wakubwa. Ila tangu siku ya sherehe Mkurugenzi Mkuu hapati usingizi. Je, kromu haiwezi kupenya ardhini?

Mwanatumu alipima palepale, juu ya meza ya polisi. Alipopata jibu alinyamaza kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Aliona jasho likimtoka Bwana Mtandika kwenye nyusi, likateremka, likaning'inia kidevuni.

"Safi," alisema mwishowe. "Mnaoshea magari kwa maji safi kuliko yote wilayani."

Bwana Mtandika alishusha pumzi, akamshukuru, na kwa shukrani akampa habari mbili. Ya kwanza, kesi imefutwa, kwa kuwa hakimu amekataa katakata kielelezo namba moja kisiingizwe kwenye chumba anachokaa yeye. Ya pili, amepandishwa cheo. Gari la polisi litamfuata kesho kumpeleka bandarini. Akamwambia abebe nguo za baridi, huko kuna upepo.

Mwanatumu alitoka kituoni akiona kila kitu kikali machoni: vumbi, mabati, kuku. Alikuwa na siku moja. Hakwenda nyumbani kufunga mizigo. Alikwenda Mafulioni, na njia nzima alitamani miguu igeuke.

Aliwakuta wanawake mtoni, wamesimama majini hadi magotini, wanafua. Aliwaita watoke. Aliwaambia kila kitu, kuanzia mia moja na kumi mpaka mia moja na hamsini, hata lile bomba safi la getini wanakooshea magari ya wakubwa. Alipofika kwenye cheti, hakumtaja aliyetia sahihi.

"Na sahihi ilikuwa ya nani?" Bi Chausiku aliuliza.

"Yangu, shangazi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Bi Chausiku alimtazama kwa muda mrefu, na Mwanatumu akaona kwamba hata kisiwani kusingekuwa kugumu kama pale.

"Na sasa?"

"Bado naogopa."

"Sisi pia," alisema Bi Chausiku. Akamwaga maji ya beseni lake chini, yote, akalikung'uta. "Hilo bomba la magari liko upande gani?"

Kesho yake asubuhi walifika getini wanawake thelathini na kitu, na ndoo, na madumu, na mabeseni kichwani. Hawakuimba wala hawakupiga kelele. Walipanga foleni. Mlinzi alipigwa na butwaa. Alipiga simu juu, akaambiwa ombi la maji liletwe kwa maandishi nakala tatu, Kamati itaketi. Akauliza afanye nini wakati Kamati inaketi. Akaambiwa swali hilo nalo litawasilishwa. Alipokata simu alitazama foleni na kumwona mkewe akiwa wa sita, hamwangalii usoni. Hakuwa amepewa amri ya kufungua bomba. Lakini vilevile, alijieleza baadaye, hakuwa amepewa amri ya kulifunga, na Bi Chausiku alikuwa ameshalifungua.

Maji yakaanza kupiga kwenye ndoo. Mwanatumu alikuwa ameshika dumu la shangazi yake, ila macho yake yalikuwa barabarani. Ghorofani pazia zilikuwa zinafunguka na kufungika. Alijua kikao kimeanza.

Saa tatu kasoro, gari la polisi likatokea kwenye kona, linakuja polepole na vumbi lake. Foleni ikakaza. Wanawake waliokuwa wanaongea wakaacha. Mwanatumu akaliweka dumu chini, akajifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayetaka akutwe nadhifu. Gari likasimama hatua chache kutoka kwake.

Inspekta Sekiete akashuka. Mkono wa kulia alikuwa na barua yenye muhuri. Akamtazama Mwanatumu, akatazama ghorofani, kule pazia zilipokuwa zinacheza, akasimama hivyo kitambo. Kisha akaikunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni, akarudi nyuma ya gari na kutoa dumu la njano.

"Nani wa mwisho hapa?" aliuliza.